OpenFOAM iliyopikwa tayari: OVA, Docker au WSL kwa kompyuta ya GB 8?

OpenFOAM haina ada. Programu hii ya kuiga mtiririko wa maji, hewa na joto ilifunguliwa kwa umma Desemba 2004, na mpaka leo iko chini ya leseni huria ya GPL. Gharama yake iko kwingine: inataka Linux, wakati kompyuta mpakato utakazozikuta Malimbe, Mwanza, kwa wanafunzi, au kwenye ofisi za ushauri za mjini, mara nyingi zina Windows na RAM ya GB 8. Ndiyo maana watu hutafuta mazingira pepe yaliyokwisha kuandaliwa: unapakua, unafungua, unaanza kazi. Yapo ya aina tatu: mashine pepe ya VirtualBox inayokuja kama faili la OVA, imeji ya Docker (kifurushi cha programu na mahitaji yake, ambacho kikiwashwa huitwa kontena), na Ubuntu ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) ambayo mtu ameshaisakinishia OpenFOAM kisha akaifunga kuwa faili moja la tar.

Hapa zinapimwa kwa vipimo vya Mwanza. Bando likikatika katikati ya kupakua, unaanza upya au unaendelea? Kifurushi kinabebeka kwa flashi? Umeme ukikatika katika saa ya nane ya uigaji wa saa kumi, kinabaki nini? Kwa vipimo hivyo WSL inaongoza, Docker inafuata kwa karibu, na OVA iko nyuma kabisa japo ina mahali pake.

Kwanza jambo moja linaloharibia watu wiki nzima. "OpenFOAM" mbili zinazunguka, na mazingira ya moja hayasomi kazi za nyingine bila marekebisho. Moja ni ya OpenFOAM Foundation, yenye namba za kawaida: 10, 11, 12. Nyingine ni ya OpenCFD, ambayo namba zake ni mwaka na mwezi: v2312 ni ya Desemba 2023, v2406 ni ya Juni 2024, v2412 ni ya Desemba 2024. Kuanzia toleo la 11 Foundation imeacha mtindo wa solva (programu ya kukokotoa) moja kwa kila kazi; unaandika `foamRun -solver incompressibleFluid` pale ambapo OpenCFD bado unaandika `simpleFoam` au `pimpleFoam`. Hata majina ya mafaili yameachana: `transportProperties` upande mmoja, `physicalProperties` upande wa pili. Kwa hiyo ukiona kosa linalosema faili la `constant/physicalProperties` halipatikani, usilitengeneze kwa mkono. Una kazi ya OpenCFD ndani ya mazingira ya Foundation. Muulize aliyekupa kazi alitumia ipi, ndipo upakue. Mifano yote hapa chini ni ya OpenCFD v2412.

OVA

OVA inapendwa kwa sababu inaonekana rahisi: bofya mara mbili, VirtualBox inaingiza, dirisha la Linux linafunguka na ParaView, programu ya kutazama matokeo kwa michoro, ikiwa mezani. Kwa darasa la mafunzo ya siku mbili, ambapo kompyuta thelathini lazima zifanane, bado ndiyo njia ya kuchagua. Pia ndiyo inayobaki kwa kompyuta yenye Windows ya zamani isiyopokea WSL 2.

Matatizo yanaanza kabla haijawaka. Ikiwa VT-x, uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe (AMD-V kwa prosesa za AMD), imezimwa kwenye BIOS, mashine haiwaki. Ikiwa Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, imewashwa, mashine inawaka lakini inajikokota. Tazama pembe ya chini kulia ya dirisha la VirtualBox, ukiona alama ya kobe wa kijani ujue VirtualBox inapitia kwa Hyper-V badala ya kushika prosesa yenyewe. Kobe huyo hadanganyi. Kuna mtego hapo: Docker Desktop na WSL 2 vinategemea sehemu hizohizo za Windows, kwa hiyo mtu anayeweka vyote vitatu "ili ajaribu" anaipunguza kasi OVA yake mwenyewe, kisha anailaumu.

Kwenye RAM, OVA inachukua kwa mafungu. Ukiipa MB 4096 kwenye kompyuta ya GB 8, ihesabu kuwa imekwenda yote hata kama kazi yako ni ndogo, na ndani yake kuna eneokazi zima la Linux linalokula sehemu ya hizo. Folda ya kushirikiana na Windows haipokei viungo vya mkato vya Linux kwa mpangilio wa kawaida, na mtumiaji asipoingizwa kwenye kundi la `vboxsf` ataambiwa hana ruhusa:

`sudo adduser $USER vboxsf`

kisha atoke na kuingia tena. Kazi yenyewe iendeshe ndani ya diski ya Linux, folda ya kushirikiana iwe ya kupitishia matokeo tu.

Kuhusu bando, OVA ndiyo ghali. Ni faili moja kubwa. Kivinjari kikikatika huenda ukaanza mwanzo. Lipakue kwa `curl -C - -O` ikifuatwa na anwani ya faili, kwani amri hiyo huendelea palipoishia ikiwa seva inaruhusu. Na ukishalipata, usishangae flashi ikilikataa wakati ina nafasi ya kutosha: flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Ibadilishe kuwa exFAT, ukijua kwamba kubadilisha huko kunafuta kila kitu kilichomo.

Docker

Imeji za OpenCFD ziko Docker Hub kwa jina la `opencfd`, na za Foundation kwa jina la `openfoam`. Hazina eneokazi wala madoido. Ni OpenFOAM na terminali. Hilo ni sifa. RAM yote inakwenda kwenye kazi, na kupakua kunakwenda kwa matabaka: bando likiisha, tabaka zilizokwisha kukamilika zinabaki na unaendelea na zilizosalia. Ila tabaka lililokuwa katikati linaanza upya. Mkiwa wengi chuoni nyuma ya anwani moja ya intaneti, kumbukeni kwamba Docker Hub huweka kikomo cha kupakua kwa anwani kwa wasioingia na akaunti. Mmoja apakue, awagawie wenzake:

`docker save -o foam.tar opencfd/openfoam-default:2412`

na kwa mpokeaji:

`docker load -i foam.tar`

Makosa ya Docker yana tabia ya kujirudia. La kwanza ni kupoteza matokeo. Kontena iliyowashwa kwa `--rm` bila kuunganishiwa folda ya nje inakufa na kila kilichomo pindi unapoandika `exit`. Skripti ya `openfoam-docker` inayotolewa pamoja na imeji hizo inaunganisha folda uliyosimama ndani yake. Itumie hiyo badala ya kuandika amri ndefu ya `docker run` kutoka kichwani.

La pili ni la kazi za kori nyingi, yaani zinazogawanywa kwa viini kadhaa vya prosesa. Kontena kwa kawaida inapewa MB 64 tu za `/dev/shm`, mahali ambapo Open MPI, programu inayoziunganisha kori, hupitishia ujumbe kati yao. Kazi ndogo inapita, kubwa inaanguka kwa kosa la `Bus error`. Ongeza `--shm-size=1g`. Na ukiona mistari mingi ya `Read -1, expected ...` ikimwagika kwenye skrini, hesabu zako hazina kosa. Kontena imeinyima MPI ruhusa ya kusoma kumbukumbu ya jirani. Dawa ni mstari mmoja kabla ya kuendesha:

`export OMPI_MCA_btl_vader_single_copy_mechanism=none`

Kwa aliyezoea Linux, au mwenye seva ofisini, Docker ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza. Kwa Windows ya GB 8 inashuka nafasi moja, kwa sababu Docker Desktop yenyewe hukaa juu ya WSL 2. Unalipia ghorofa ya pili wakati ya chini inatosha.

WSL

Hii haiji imeandaliwa na OpenCFD kama faili la tar. Anayeiandaa ni mmoja wenu, mara moja, kwenye kompyuta yenye intaneti ya uhakika. Ndani ya Ubuntu ya WSL:

`curl -s https://dl.openfoam.com/add-debian-repo.sh | sudo bash`
`sudo apt-get install openfoam2412-default`

Bando likikata, rudia amri ya pili; `apt-get` haipakui tena vifurushi ilivyokwisha kuvipata. Ikimaliza, ukiandika `openfoam2412` unaingia kwenye terminali iliyotayarishwa. Ongeza vihariri unavyopenda, kisha toka na uifunge kutoka PowerShell:

`wsl --export Ubuntu D:\foam.tar`

Jina liwe lilelile linaloonekana ukiandika `wsl -l`. Mpokeaji anawasha WSL kwa `wsl --install --no-distribution`, anawasha kompyuta upya, kisha:

`wsl --import Foam D:\wsl\Foam D:\foam.tar --version 2`

Flashi zinazopita steshenari nyingi zinarudi na wageni, kwa hiyo kabla ya kuingiza, linganisha alama ya faili kwa `certutil -hashfile D:\foam.tar SHA256` pande zote mbili. Herufi moja ikitofautiana, nakili upya.

Sasa mtego mkubwa wa kuingiza. Mazingira yaliyoingizwa kwa `--import` humfungulia mtumiaji kama `root`, yaani msimamizi mkuu wa Linux. Kila kitu kinaonekana kufanya kazi, `blockMesh` inapita, solva ya kori moja inapita, hadi siku ya kutumia kori nne ndipo `mpirun` inakataa kwa maelezo kwamba haiendeshwi na `root`. Wengi hubandika `--allow-run-as-root` na kuendelea. Inafanya kazi, lakini mafaili yote yanakuwa mali ya `root` na yanasumbua baadaye. Rekebisha chanzo. Fungua `/etc/wsl.conf`, andika:

`[user]`
`default=mhandisi`

kwa jina la mtumiaji aliyeundwa na mwandaaji, kisha `wsl --terminate Foam` na ufungue tena.

RAM nayo. WSL 2 hujiwekea kikomo cha nusu ya RAM ya kompyuta, yaani GB 4 kwenye mashine ya GB 8. Kuongeza, tengeneza faili la `.wslconfig` kwenye folda ya mtumiaji wa Windows:

`[wsl2]`
`memory=5GB`
`processors=4`
`swap=4GB`

na uandike `wsl --shutdown`, la sivyo hakuna kitakachobadilika. Notepad hupenda kuliita `.wslconfig.txt` kimyakimya, chagua "All Files" unapohifadhi. Usipande kupita GB 5 kwa tamaa. Windows ikikosa hewa itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski na kila kitu kitakwenda mwendo wa konokono. Dalili ya RAM kuisha upande wa Linux ni neno `Killed` peke yake, au `signal 9` kutoka kwa `mpirun`. Kwa makadirio, tenga GB 1 hadi 2 kwa kila seli milioni moja (seli ni vipande vidogo ambamo eneo linaloigwa hugawanywa), na zaidi wakati `snappyHexMesh` inatengeneza meshi, yaani mtandao wa seli hizo.

Kosa la tatu ni mahali pa kuweka kazi. Mtu anafungua `/mnt/c/Users/...` na kuendesha hapo ili aone matokeo kirahisi. Njia hiyo inavuka mpaka wa Windows kwa kila faili, na OpenFOAM huandika mafaili mengi madogo, kwa hiyo kasi inaanguka vibaya. Zaidi ya hapo, OpenFOAM haipendi nafasi ndani ya majina ya folda, na folda ya mtumiaji wa Windows mara nyingi ni jina la kwanza na la ukoo yakiwa na nafasi katikati. Weka kazi `~/run` (iunde kwa `mkdir -p ~/run`). Kutoka Windows utaiona kwa kuandika `\\wsl$\Foam\home` kwenye upau wa anwani wa kivinjari cha mafaili.

Njia hiyo ndiyo inayotatua suala la michoro pia. Usisakinishe ParaView ndani ya WSL. Sakinisha ya Windows, iguse kadi ya michoro moja kwa moja. Ndani ya kazi andika `touch kazi.foam`, faili tupu, kisha ulifungue kwa ParaView kupitia `\\wsl$`. Ukiona sanduku tupu baada ya kazi ya kori nyingi, badilisha Case Type kutoka Reconstructed kwenda Decomposed, au endesha `reconstructPar` kwanza.

Na usihariri `Allrun`, skripti inayoendesha hatua zote za kazi, kwa kihariri kinachoweka miisho ya mistari ya Windows. Kosa lake ni `bad interpreter` lenye alama ya `^M`. Dawa ni `sed -i 's/\r$//' Allrun`.

Kupima kama kifurushi ni kizima

Usikubali kifurushi cha mtu bila majaribio mawili. La kwanza ni `cavity`, kisanduku cha sentimita 10 ambacho kifuniko chake kinateleza kwa mita 1 kwa sekunde. Kina seli 400 na hatua 100 za sekunde 0.005:

`cp -r $FOAM_TUTORIALS/incompressible/icoFoam/cavity/cavity ~/run/`
`cd ~/run/cavity && blockMesh && icoFoam`

Kinaisha kabla hujashusha kikombe. Lazima upate folda za 0.1, 0.2, 0.3, 0.4 na 0.5, na namba ya Courant (seli ngapi mtiririko unavuka kwa hatua moja) ya juu kabisa mwishoni iwe karibu 0.85. Ukipata namba ya mbali na hiyo, mwandaaji alichezea mafaili ya mifano; omba kifurushi kingine.

La pili ni `damBreak` ya `interFoam`, nguzo ya maji inayobomoka na kugonga kizuizi. Nakili `0.orig` kuwa `0`, endesha `blockMesh`, `setFields`, `decomposePar`, halafu:

`mpirun -np 4 interFoam -parallel`

Seli 2268 kwa kori nne ni kidogo mno, huenda ikawa polepole kuliko kori moja. Haidhuru, kinachopimwa ni kama kori zinazungumza. Ikisema hakuna nafasi (`slots`) za kutosha, Open MPI imehesabu kori halisi na kompyuta yako ina mbili; ndani ya `system/decomposeParDict` badilisha `numberOfSubdomains` iwe 2, na kwenye `n` badala ya `(2 2 1)` weka `(2 1 1)`, kwani namba hizo tatu zikizidishwa lazima zitoe idadi ya kori.

Baada ya hapo kila mtu anakimbilia `motorBike`, mfano wa hewa inayopita kwenye pikipiki, na katika mji wa bodaboda sishangai. Imegawanywa kwa kori 6, kwa hiyo kwenye kompyuta ya kori 4 hariri `system/decomposeParDict.6`, jina la faili libaki na 6 yake kwa sababu `Allrun` inalitafuta kwa jina hilo. Kasi ni mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa. Angalizo moja la hapa kwetu: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nyuzi 25 kwenye kimo hicho ina uzito wa karibu kilo 1.03 kwa mita ya ujazo, si 1.2 ya vitabuni. Vigawo vya ukinzani havibadiliki, ila ukitaka nguvu kwa niutoni, ukaacha 1.2, umeongeza asilimia kumi na zaidi ya nguvu ambayo haipo. Ndivyo ilivyo pia kwa upepo unaogonga paa, au hewa inayopita kwenye kaushio la dagaa.

Kwa boti za mbao za Mwaloni, mfano wa kuanzia ni `DTCHull`, lakini usiuendeshe ulivyo kwenye GB 8. Punguza meshi kwanza. Na anayetaka kuiga mikondo ya Ghuba ya Mwanza nzima amekosea duka. Ziwa lenye wastani wa kina cha mita 40 na eneo la kilomita za mraba 68,800 linataka programu za maji mapana kama TELEMAC, ambayo nayo ni huria.

Umeme

Hakuna kifurushi kati ya vitatu kinachokulinda hapa. Kinga iko ndani ya `system/controlDict`. Weka `startFrom latestTime`, `writeInterval` ya kutosha kukuandikia kila dakika kumi au kumi na tano, `purgeWrite 3` ili zibaki folda tatu za mwisho tu, na `writeFormat binary` kubana nafasi. Usiweke `purgeWrite 1`: folda hiyo moja ikiharibika umeme unapokata, huna ya kurudia.

Umeme ukikatika na betri ikaanza kushuka, usibonyeze Ctrl+C. Kama `runTimeModifiable` imewashwa, fungua `controlDict` huku kazi ikiendelea, badilisha `stopAt endTime` kuwa `stopAt writeNow`, hifadhi. Solva inasoma badiliko, inaandika hatua iliyopo na kusimama kwa heshima. Kabla ya kuwasha tena, rudisha `endTime`, vinginevyo itaandika hatua moja na kusimama tena. Kompyuta ikizimika ghafla, angalia folda ya mwisho ndani ya kila `processor`. Ikiwa haijakamilika hata kwenye mmoja, ifute kwa wote:

`rm -r processor*/120`

na uendelee kutoka iliyotangulia. OVA ndiyo inayoumia zaidi kwa kuzimika ghafla. VirtualBox itaonyesha `Aborted`, na mara nyingine Linux ya ndani itaanza kwa kukagua diski kabla ya kukufungulia.

Diski ya WSL ina tabia moja ya kuudhi: faili la `ext4.vhdx` linakua na halipungui hata ukifuta matokeo yote. Baada ya kazi kubwa kadhaa utakuta GB 60 zimekwenda wakati ndani kuna GB 8. Andika `wsl --shutdown`, fungua `diskpart` kama msimamizi, kisha `select vdisk file=D:\wsl\Foam\ext4.vhdx`, `attach vdisk readonly`, `compact vdisk`, `detach vdisk`. Inafanya kazi hata kwenye Windows Home. Ifanye kompyuta ikiwa kwenye chaja.